Karl Landsteiner, mutu aliyeonyesha kama damu zetu hazifanane

Kila mutu wa mine anajua ile saa. Jiwe limeanguka, ndugu ametolewa chini, damu inamutoka, na ku lopitalo wanasema inafaa atiwe damu ingine mbio. Jamaa yote inakusanyika mu ukumbi. Kaka mukubwa anakunja mukono wa shati. Shemeji naye anasimama. Baba anasema mutoto ni wake, damu ni yake, sasa watu wa labo wanapima nini tena? Lakini mwenye labo hakubali. Anatoboa kidole, anatia matone juu ya kioo kidogo, anangoja. Siku ingine anarudisha kaka wa tumbo moja, anachukua damu ya mutu wa kabila ingine kabisa, aliyekuja pale kuona mugonjwa wake mwenyewe.

Wengi wanakasirika. Wanawaza watu wa labo wanachelewesha, ao wanatafuta franga. Lakini ile kazi ya matone juu ya kioo iko na mwanzo wake, na mutu aliyeianzisha aliifanya juu ya kuokoa maisha. Leo tunaeleza maisha yake. Na njiani tutaeleza kintu ingine wamama wanaijua sana: mutoto anazaliwa muzuri, analia vizuri, na kesho yake macho inakuwa manjano. Mambo hizi mbili, damu ya kaka inayokatazwa na macho ya mutoto inayobadilika, ni habari moja.

Mutoto bila baba

Karl Landsteiner alizaliwa tarehe 14 mwezi wa sita 1868 ku Baden, muji mudogo karibu na Vienne, mu inchi ya Austria. Baba yake, Leopold, alikuwa mwandishi wa habari mwenye jina, mukubwa wa gazeti mu Vienne. Karl alikuwa na miaka 6 tu wakati baba alikufa ghafula. Mama yake, Fanny, akamulea peke yake. Karl alimupenda ule mama kupita kipimo. Hakuoa mbele ya kifo chake. Alioa paka 1916, akiwa ameisha kufikia miaka 48. Na ku ukuta wa chumba chake alitundika sanamu ya uso wa mama, ile wanayotengeneza kufwatana na uso wa maiti, akaichunga maisha yake yote.

Jamaa yake ilikuwa ya Wayahudi. Yeye akabatizwa mu Kanisa Katolika 1890. Mwaka uliofwata alimaliza masomo ya munganga ku Vienne. Wenzake walienda kufungua kabine na kupokea wagonjwa. Yeye hapana. Alirudi ku masomo, safari hii ya kemia, miaka karibu 5, mu labo za Zürich, Würzburg na München. Alitaka kuangalia mwili kwa macho ya mutu wa kemia: hii imetengenezwa na nini, na juu ya nini inagusana na ile namna hii.

Aliporudi Vienne alifanya kazi kwanza ku nyumba ya mambo ya usafi na magonjwa ya kuambukiza. Nyuma, kuanzia 1898, aliingia ku kazi ambayo wengi wanaikimbia: kupasua maiti ili kujua ugonjwa gani uliwaua. Mu miaka 10 alipasua zaidi ya maiti 3,600. Wakubwa hawakumwona sana. Alikuwa mutu murefu, wa kimya, hakupenda masimango wala mikutano. Mushahara haukuwa mukubwa. Saa za kazi zikiisha, alibaki mu labo na vichupa vyake.

Damu iliyokuwa inaua

Mbele yake, watu walijua kama damu ni uzima, na walijaribu kuitia mu mwili wa mutu aliyepungukiwa. Mu 1667, munganga mumoja wa Paris, Jean-Baptiste Denis, alitia wagonjwa damu ya wanyama, kama vile mwana-kondoo. Mambo ikaharibika, kesi ikaenda mbele ya wazuzi, na ile kazi ikakatazwa. Mu 1818, ku London, James Blundell akaanza kutumia damu ya watu, zaidi kwa wanawake waliotoka damu nyingi wakati wa kuzaa. Wamoja walipona. Wengine walianza kutetemeka mara moja, mugongo ukauma sana, mukojo ukakuwa mweusi, macho yakageuka manjano, wakakufa.

Hakuna aliyejua juu ya nini. Damu ilikuwa nyekundu, ya mutu muzima, mwenye nguvu. Mumoja anapona, mwenzake anakufa. Ilikuwa sawa kucheza bahati. Kwa hiyo waganga wengi wakaiacha.

Watu sita mu labo moja

Mu ile miaka watu wa labo walikuwa wameisha kuona kama, ukichanganya damu ya watu wawili, siku ingine inafanya mabonge. Wengi waliwaza ni alama ya ugonjwa. Landsteiner akajiuliza swali ingine: na kama ni watu wazima, wasio na ugonjwa hata moja, ila damu zao tu hazifanane?

Namna alivyojaribu ni nyepesi, hata mutoto wa masomo ya sekondari anaweza kuelewa. Ukiacha damu mu tyubu, ile nyekundu inashuka chini, na yulu inabaki maji ya rangi ya manjano kidogo. Landsteiner alichukua damu yake mwenyewe na ya wenzake watano wa labo. Akatenga maji upande mumoja, chembe nyekundu upande mwingine. Halafu akaanza kukutanisha: maji ya huyu na chembe za yule, mumoja kwa mumoja, mpaka wote wakapita. Fasi moja haikufanya kintu, chembe zikaogelea sawa zamani. Fasi ingine zikashikana, zikafanya mabonge madogo madogo, sawa unga uliotiwa vibaya mu maji ya bukari.

Akaandika kila kintu mu tablo. Na ile tablo ikaonyesha kama mabonge hayakuja ovyo ovyo. Kulikuwa sheria. Mu 1901 alitoa maandiko yake, kurasa chache tu: damu za watu ziko za aina tatu, akaziita A, B na C. Ile C njo tunayoita leo O, na damu ya Landsteiner mwenyewe ilikuwa mu hii. Mwaka uliofwata, wenzake wawili, Decastello na Sturli, wakapata aina ya ine, AB.

Maana yake ni hii. Chembe za damu ya A zinabeba alama A. Za B zinabeba alama B. Za AB zinabeba zote mbili. Za O hazibebi hata moja. Na mu maji ya damu kuko walinzi wanaokataa alama isiyo yao. Mutu wa A anakataa B. Mutu wa B anakataa A. Mutu wa O anakataa zote mbili, kwa hiyo anapokea paka ya O mwenzake. Ukimutia mutu damu yenye alama asiyoijua, walinzi wanairukia na kuipasua ndani ya mishipa. Njo pale mutetemeko, mugongo kuuma, mukojo mweusi na macho ya manjano vinatoka.

Na tena, mutoto anapata alama moja kwa baba na moja kwa mama. Njo maana watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na gurupe mbalimbali, na baba anaweza kukosa kumupa mutoto wake damu. Undugu ni undugu, lakini gurupe haiangalie undugu.

Dunia ilisikia hii habari? Hapana. Ile maandiko ilikaa miaka. Mu 1907 ku New York, munganga Reuben Ottenberg akaanza kupima damu mbele ya kuitia. Kulibaki shida ya damu kuganda mbio. Hii ilipata dawa ku Bruxelles, tarehe 27 mwezi wa tatu 1914, wakati munganga wa Ubelgiji Albert Hustin alichanganya damu na chumvi moja inayoitwa sitrate, akamutia mugonjwa, na haikuganda. Miezi michache nyuma yake vita kubwa ikaanza, maaskari wakaanza kuumia kwa maelfu. Ni mu ile vita watu walianza kuelewa kazi ya ule mutu wa kimya wa Vienne.

Namna macho inakuwa manjano

Mu 1904, Landsteiner na mwenzake Julius Donath walichunguza ugonjwa mumoja wa ajabu. Watu walikuwa wanatoka inje mu baridi kali ya kule, wanarudi ndani kujiotesha moto, na mukojo unatoka mwekundu sana ao mweusi. Wale wawili wakachukua damu ya hawa wagonjwa, wakaiweka mu barafu, halafu wakaipasha moto wa mwili. Chembe zikapasuka. Wakaona kama ndani ya damu ya wale watu muko mulinzi aliyepotea njia: mu baridi anashika chembe za mwenyewe, na joto likirudi zinapasuka. Hapo Landsteiner alionyesha kama damu inaweza kupiganisha damu yake yenyewe.

Tusimame kidogo, juu ni hapa macho ya manjano inaeleweka.

Chembe nyekundu ya damu inaishi karibu siku 120. Ikizeeka, mwili hauitupe. Unaivunja sawa watu wa garaji wanavyovunja kamyo ya zamani. Chuma inatolewa, inawekwa pembeni itumike tena. Mabaki inageuka kintu ya rangi ya manjano: njo bilirubini. Hii bilirubini inasafiri mu damu mpaka ku maini. Maini inaigeuza ili iweze kuyeyuka mu maji, inaitia mu nyongo, nyongo inaimwanga mu matumbo. Njo inayotia choo rangi yake tunayoijua.

Watu wa mine watafahamu mbio. Waza kiwanda kinachopokea mawe, kinasafisha, kinatoa mabaki kwa bomba. Mabaki yanaweza kujaa mu kiwanja kwa njia tatu. Ya kwanza: mawe yanakuja mengi kupita nguvu ya kiwanda. Ni wakati chembe nyingi zinapasuka pamoja, sawa kwa malaria kali, kwa mutoto wa SS, ao kwa mutu aliyetiwa damu isiyo ya gurupe yake. Ya pili: kiwanda chenyewe kimeharibika. Ni maini inayogonjwa, kwa epatite ao kwa pombe ya miaka mingi. Ya tatu: bomba limezibwa, sawa vile mawe ya nyongo yanavyoziba njia. Kwa zote tatu macho inakuwa manjano, lakini dawa haiko moja. Kwa hiyo macho manjano haiko jina la ugonjwa. Ni alama, na inafaa kutafuta wapi mambo imeharibika.

Kutenganisha hizi njia kuliwezekana zaidi juu ya kazi ya munganga wa Uholanzi, Hijmans van den Bergh, aliyeonyesha mu ile miaka ya vita kubwa namna ya kupima bilirubini mu damu na kuigawanya sehemu mbili. Njo maneno mawili mnayosoma mpaka leo ku karatasi ya labo: direkte ni ile maini imeisha kuigeuza, indirekte ni ile bado. Indirekte ikipanda peke yake, mara nyingi damu njo inapasuka. Direkte ikipanda, munganga anaangalia maini na bomba la nyongo.

Njaa na uhamisho

Turudi kwa Landsteiner. Mu 1908 alifanywa mukubwa wa kazi ya kupasua maiti ku lopitalo moja kubwa ya Vienne. Mu ule mwaka, pamoja na Erwin Popper, alichukua kipande cha uti wa mugongo wa mutoto aliyekufa na polio, akakitia mu miili ya nyani, wakapata ule ugonjwa. Hivi akaonyesha kama polio inaambukizwa na kijidudu kidogo sana, na chanjo ya watoto wetu ya leo iko na muzizi wake pale.

Mu 1916 alimuoa Helene Wlasto, na 1917 mutoto wao mumoja tu, Ernst, akazaliwa. Lakini vita ilipoisha 1918, Austria ilikuwa imevunjika. Vienne ilikuwa na njaa, makaa hakuna, labo hazina kintu. Mutu aliyefumbua siri ya damu alikosa namna ya kulisha jamaa na kuendelesha kazi. Mu 1919 akafunga mizigo, akaenda La Haye, Uholanzi, ku lopitalo moja ndogo ya Wakatolika. Kule alifanya kazi ya kila siku ya labo: kupima mikojo, kupima damu za wagonjwa. Alikuwa na miaka zaidi ya 50 na alianza tena sawa kijana. Hakuacha lakini kutafuta na kuandika.

Nyuma ya miaka mitatu hivi, nyumba ya utafiti ya Rockefeller ku New York ikamwita. Akaenda na muke na mutoto. Kelele za ule muji mukubwa zilimuchokesha, lakini labo ilikuwa nzuri. Mu 1927, pamoja na kijana wake wa kazi Philip Levine, akapata alama zingine za damu: M, N na P. Mu 1929 akakuwa mwana-inchi wa Amerika. Na 1930, akiwa na miaka 62, akapewa zawadi ya Nobel juu ya gurupe za damu, karibu miaka 30 nyuma ya ile tablo ya watu sita.

Ile miaka ilikuwa ya hatari kwa watu wa ukoo wake. Mu Ujerumani, kuanzia 1933, serikali ya Hitler ilifundisha kama kuko damu ya taifa safi na damu ya taifa chafu, na mamilioni ya Wayahudi walikuja kuuawa juu ya ile uongo. Gurupe zilisema ingine. A, B na O zinapatikana karibu mu mataifa yote, Wazungu, Waafrika, watu wa Asia. Mutu wa Vienne na mutu wa Kolwezi wanaweza kuwa na gurupe moja, wakati ndugu wawili wa nyumba moja hawanayo.

Muke aliyetiwa damu ya bwana yake

Mu 1937, ku lopitalo ya Bellevue mu New York, mwanamuke mumoja alizaa mutoto aliyekufa tumboni. Damu ikamutoka nyingi. Bwana yake akajitoa. Wakapima: wote wawili O. Kufwatana na sheria ya Landsteiner, hakuna shida. Wakamutia ile damu, na ule mama akaanza kutetemeka na kuumwa vikali, akabakia kidogo kufa. Akapona kwa shida.

Philip Levine, ambaye alikuwa ameisha kuacha labo ya Landsteiner, alichukua maji ya damu ya ule mama akayajaribu juu ya damu za watu 104, wote O. Kwa watu 80 ilifanya mabonge. Basi kulikuwa alama ingine, isiyojulikana bado. Levine na Stetson wakaandika hii habari 1939. Waliwaza mambo hivi: mutoto alipata ile alama kwa baba yake, mama hana, damu ya mutoto ikagusa mwili wa mama, na mwili wake ukatengeneza walinzi. Damu ya bwana ilipoingia, walinzi walikuwa tayari.

Mu ule mwaka Landsteiner alikuwa ameisha kuwekwa mu pansio, lakini kila siku alikuja ku labo. Na kijana wake Alexander Wiener, alikuwa anatia sungura damu ya nyani wa aina ya rezusi. Mu 1940 wakatangaza: maji ya damu ya wale sungura yanafanya mabonge na damu ya Wazungu 85 ku 100 wa New York. Wale 85 wana alama, 15 hawana. Alama ikapata jina la ule nyani, rezusi. Njo ile alama ya kujumlisha ao ya kutosha mnayoona nyuma ya gurupe yenu: O+, A−. Na 1941 Levine akaonyesha kama hii rezusi njo ilikuwa inaua watoto wengi.

Mutoto wa manjano

Wamama wa zamani waliijua ile huzuni, bila kujua jina lake. Mutoto wa kwanza anaishi muzuri. Wa pili anazaliwa, siku ya kwanza tu macho ni manjano. Wa tatu anafia mu tumbo. Watu wanatafuta mwenye kosa: muke, ao mama-mukwe, ao muchawi wa jirani.

Kosa la mutu halikuwepo. Mama ni rezusi −, baba ni rezusi +, mutoto amefwata baba. Kwa kawaida mimba ya kwanza inapita salama, lakini wakati wa kuzaa damu kidogo ya mutoto inaingia kwa mama, na mwili wake unajifunza kuikataa. Ku mimba inayofwata walinzi wanapita kwa mutoto na kupasua chembe zake. Bilirubini inajaa. Na maini ya mutoto muchanga ni kiwanda kipya, mashini bado hazijashika nguvu. Ile indirekte ikipanda sana inaingia mu ubongo. Mutoto anaweza kukufa, ao kubaki kiziwi, ao mikono na miguu kukaza maisha yote.

Landsteiner hakuona dawa yake. Tarehe 24 mwezi wa sita 1943 alikuwa mu labo, pipeti mu mukono, wakati moyo ulimushika. Alikufa siku mbili nyuma, akiwa na miaka 75. Helene, aliyekuwa mugonjwa, akamufwata mwisho wa ule mwaka.

Lakini wengine waliendelea. Mu miaka iliyofwata waganga walijifunza kutoa damu ya mutoto kidogo kidogo na kuweka ingine fasi yake. Kuelekea 1956, ku lopitalo ya Rochford mu Uingereza, mama mulezi mumoja aliyezoea kutoa watoto ku jua aliona kama fasi ya ngozi iliyopigwa na mwangaza inaacha kuwa manjano, na ile iliyofunikwa na nguo inabaki. Pale njo taa za rangi ya bluu zilitokea, zile wanazolazia watoto chini yake. Mwangaza unageuza bilirubini ili mwili uweze kuitoa. Na 1968, miaka 100 kamili nyuma ya Landsteiner kuzaliwa, shindano la mama wa rezusi − likaruhusiwa mu Amerika. Likipigwa mbele ya saa 72 nyuma ya kuzaa, mwili wa mama haujifunze kukataa mutoto anayefwata.

Kwetu leo

Mu Congo wamama wa rezusi − si wengi, lakini wako. Wamama wa O ni wengi, na mutoto wa A ao B aliyezaliwa na mama wa O anaweza naye kuwa manjano, hata mimba ya kwanza. Basi kila mama anayepimisha mimba aulize gurupe na rezusi yake, aandikishe ku fishi. Baba naye apime, asiogope.

Mutoto akizaliwa, mumutazame mu mwangaza wa muchana: weupe wa macho, ufizi, viganja, nyayo. Watoto wengi wanakuwa manjano kidogo kuanzia siku ya pili ao ya tatu, na inaisha yenyewe. Lakini manjano ya siku ya kwanza, ao inayoshuka mpaka ku miguu, ao mutoto akikataa kunyonya, akilala sana, akijikunja mugongo nyuma, ni lopitalo siku ileile. Jua la ku dirisha haitoshe pale. Na nguo zake musiziwekee naftalini: kuko watoto ambao damu yao inapasuka juu ya ile harufu.

Kwa mukubwa, mukojo mweusi sawa chai kali na choo cheupe ni alama za maini ao nyongo. Kwa mutoto wa SS, macho yakizidi ghafula kuwa manjano na akakosa nguvu, musingoje kesho.

Kila tarehe 14 ya mwezi wa sita, siku Landsteiner alizaliwa, dunia yote inashukuru wanaotoa damu. Na ule kaka aliyerudishwa ku labo asiende nyumbani na hasira. Damu yake haikufaa ndugu yake, lakini mu chumba cha pili kuko mutu anayeingoja. Atoe, na mwingine atatoa kwa ndugu yake.